Mheshimiwa, nirudishie daftari la mama

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa kiongozi wa biro inayosimamia dawa za asili, Lubumbashi

Mheshimiwa,

Nakusalimia kwa heshima zote. Mimi ni muuguzi katika komini ya Katuba. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza nilizileta kwa mkono, zikagongwa muhuri, sikujibiwa.

Ulituita mwenyewe. Ulisema mbele ya waganga: leteni miti yenu, itapimwa laboratwari, na majina yenu yataandikwa. Mama yangu, mtu wa miaka zaidi ya sabini, alidandia lori la makala, yaani makaa, mpaka porini, akarudi na mifuko sita ya magome. Akaleta pia daftari lake: miti 41, kila mmoja unapoota, msimu wa kuuchuma, na kidonda unachotibu. Alilikabidhi kwa mikono miwili.

Juma lililopita nimeikuta ile mifuko kwenye korido yako, chini ya bomba linalovuja. Magome yameota ukungu. Daftari halipo. Na mama tulimzika mwezi wa tatu.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimemsafisha kijana mchimbaji, mguu umevimba, usaha unatiririka. Alipakwa unga mwekundu wa sokoni, akaambiwa ni mulombwa. Mulombwa ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Una tanini, ndizo zinazokaza nyama na kusaidia kidonda kufunga. Unga ule ulipolowa ulituama chini kama tofali lililosagwa. Nadhani ndivyo ulivyokuwa, maana mulombwa umeadimika, unakatwa kwa mbao na pori lote linageuzwa makala. Lakini jicho langu si laboratwari. Kijana akiniuliza amepakwa nini, namjibu nini?

Kazi tunayoomba inajulikana. Gome linasagwa, linalowekwa katika alkoli, linachujwa; kinachotoka kinatenganishwa kwa kromatografia, sehemu moja moja. Kila sehemu inajaribiwa juu ya bakteria wa vidonda, kisha juu ya chembe za ngozi zilizokwaruzwa, ionekane kama zinaziba pengo. Inapimwa pia sumu, kwa sababu mti unaofunga kidonda unaweza kudhuru ini. Mama alilijua hilo. Kuna miti aliyoiandikia «usinywe».

Wamalagasi, watu wa Madagaska, walifanya hivyo kwa talapetraka, mmea mdogo unaotambaa ardhini. Ndani yake ilitolewa kemikali iitwayo asiatikosidi, inayoihimiza ngozi kutengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoishikilia ngozi, ukawa dawa ya kupaka iliyouzwa hadi Ufaransa. Profesa Albert Rakoto Ratsimamanga alianzisha taasisi yake Antananarivo mwaka 1957. Mwaka 1957, Mheshimiwa! Na miti yetu iko chini ya bomba.

Naomba magome yapimwe. Kama yameoza, nitakwenda porini mwenyewe kuchuma mengine, kwa nauli yangu. Ila bila daftari sijui pa kuanzia. Mama alinifundisha miti minane tu. Mingine alisema iko kwenye daftari, nitaisoma.

Lina jalada la bluu, kona moja imeungua kwa mbabula, jiko la makala. Watume watu wako wafungue makabati. Waulize waliohamishwa biro. Nirudishie daftari la mama yangu, Mheshimiwa. Nitalifuata siku yoyote utakayosema, hata Jumapili.

Muuguzi wa Katuba