Mmeliongezea Lori Mwendo, Breki Mkaziacha

Kwa Meneja wa Karakana,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI MLIYOFANYA KWENYE LORI LANGU AINA YA M35A2

Ndugu Meneja,

Salaam. Mimi ndiye mteja mliyembadilishia lori la M35A2, lile la ekseli tatu lililouzwa kama gari la ziada la jeshi la Marekani. Tulikubaliana kwa maandishi kwamba likitoka kwenu litaweza mambo mawili: kupita kwenye tope na makorongo kama lilivyozaliwa, na kwenda safari ndefu kwenye lami bila kuwa kero kwa wengine barabarani. Leo limeegeshwa. Halijasogea tangu siku breki zote zilipokufa kwa mpigo nikiwa kwenye mteremko, mke wangu amekaa kiti cha pembeni.

Naomba nieleze lilivyotokea. Nilikuwa gia ya tatu, nashuka taratibu. Nilipokanyaga pedali ilizama mpaka sakafuni bila ukinzani wowote. Nikakanyaga tena, vilevile. Kilichotuokoa ni ile gia ndogo, na breki ya mkono, ambayo kwenye lori hili inabana shafti inayotoka kwenye transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli za mbele na za nyuma. Ilitoa moshi, lakini ilishika, na lori likasimama ukingoni mwa barabara. Ningekuwa gia ya tano nisingekuwa naandika barua hii.

Nilipolala chini ya gari niliona chanzo bila kuhangaika. Paipu ya mpira inayopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele kushoto ilikuwa imelika mpaka ikatoboka. Tairi mlizofunga ni pana kuliko za awali, na usukani ukikatwa mpaka mwisho, ubavu wa tairi unaisugua paipu hiyo. Alama ya mpira mweusi bado ipo pale pale, na picha nimeziambatanisha. Fundi angezungusha usukani mara moja tu kila upande kabla ya kunikabidhi funguo, angeliona.

Lakini paipu ndiyo sehemu ndogo ya malalamiko yangu. Mnajua, maana ndiyo kazi yenu, kwamba breki za M35A2 ni za mafuta zinazosaidiwa na hewa, na mfumo wote wa mafuta ni mmoja. Masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa ukikanyaga pedali) moja, njia moja, magurudumu yote. Mafuta yakivuja popote, hakuna gurudumu linalobaki na breki. Watu wanaoyaendesha malori haya kwenye barabara za kawaida wanalijua hilo, na ndiyo sababu wengi wao huanza kwa kufunga masta silinda ya njia mbili, ili ekseli za nyuma zikikosa mafuta za mbele zibaki, au kinyume chake. Nililiuliza jambo hili siku ya kwanza. Nilijibiwa kwamba "breki za jeshi zinatosha." Zilitosha kwa kazi ya jeshi, kwa lori lililokuwa likifikia kama kilomita 90 kwa saa likiwa limekazana kabisa. Ninyi mkalibadilisha lori, breki mkaziacha.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mlitoa tairi za 9.00-20, zenye kimo cha kama mita 1.02, mkaweka za 395/85R20, zenye kimo cha kama mita 1.18. Mlinisifia badiliko hilo na kweli lina faida: injini inazunguka kidogo kwa mwendo uleule, kelele imepungua, na kwenye mchanga lori linaelea vizuri. Faida hiyo ina gharama ambayo hamkuitaja. Tairi ikiwa kubwa, dramu ileile ya breki ikibanwa kwa nguvu ileile, nguvu inayofika barabarani inapungua. Kwa vipimo hivi inapungua kwa karibu asilimia 14. Wakati huohuo mmeniwezesha kwenda kasi zaidi. Lori linalokwenda 95 lina nishati ya kuzuiwa iliyozidi kwa asilimia 41 ile ya lori linalokwenda 80, uzito ukiwa uleule. Na uzito haukubaki uleule, kwa sababu mmeongeza bodi ya kulala nyuma. Sijui fundi gani mwenye kuipenda kazi yake angeongeza mwendo na uzito, akapunguza nguvu ya breki, kisha akamkabidhi mtu funguo.

Nyongeza ya hilo ni mita ya mwendo. Mita ya lori hili inahesabu mizunguko ya shafti, haijui tairi ni kubwa kiasi gani. Baada ya kazi yenu ikisoma 80, lori liko kwenye 92 na ushei. Nilipima kwa simu mara kadhaa kwenye barabara tambarare. Kwa hiyo safari zote nilizodhani naendesha kwa uangalifu, nilikuwa nazidisha. Kifaa kidogo cha gia cha kusahihisha kebo ya mita kingemaliza tatizo hilo.

Halafu tairi zenyewe. Kwenye hati ya malipo mmeandika "mpya." Ubavuni zina namba 1109, maana yake zilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2009. Tairi ambayo haijawahi kukanyaga barabara haiwi mpya kwa sababu hiyo peke yake, mpira unazeeka hata ukiwa ghalani. Zimeandikwa pia herufi G, yaani mwisho wake ni kilomita 90 kwa saa. Mtu wenu wa mauzo aliniambia lori sasa "linakula mia bila wasiwasi." Injini inaweza kuifikia hiyo mia. Tairi mlizonifungia hazikutengenezwa kwa mwendo huo.

Kuhusu bodi ya kulala. Chasi ya lori la jeshi imetengenezwa ijipinde, ili gurudumu moja likipanda jiwe mengine yabaki ardhini. Ndiyo sababu bodi ngumu hukalishwa juu ya pointi tatu, au juu ya fremu ya pili yenye springi, chasi icheze chini yake yenyewe ikitulia. Ninyi mmeifunga kwa bolti kumi na mbili moja kwa moja, ikakaza kama imepigiliwa. Safari ya pili tu ya porini mlango uligoma kufunguka, na sasa kuna ufa kwenye kona yake ya juu. Baya zaidi, bolti nne mmezipitisha kwenye bapa la juu la chasi, sehemu inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote, badala ya ubavuni. Matundu hayo siwezi kuyarudisha. Naomba mhandisi wenu ayakague na aniandikie kwa saini yake iwapo chasi bado iko salama.

Umeme ni jambo dogo: redio na taa za ndani mmezivutia volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za mfumo wa volti 24. Hiyo inachoka, nyingine inajazwa kupita kiasi. Wekeni kibadilishi cha volti 24 kwenda 12.

Usukani wa pawa mliofunga ni kazi safi, na habu za nyuma mlizigeuza vizuri hata magurudumu ya nyuma yanafuata njia ya yale ya mbele. Nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu linaonyesha mna mafundi wanaoweza.

Ninachodai ni hiki. Mje mlichukue lori kwa gari la kubeba, kwa gharama yenu, maana halitaendeshwa. Mfunge masta silinda ya njia mbili, mbadilishe paipu zote za mpira za breki na kuzipitisha mbali na tairi, kisha mlijaribu likiwa na mzigo wake kamili, nami nikiwepo. Mnibadilishie tairi kwa zile mlizoniandikia kwenye hati, zenye herufi inayolingana na mwendo mlioahidi. Bodi ikalishwe upya. Mita isahihishwe. Kama hamuwezi kazi ya breki semeni wazi, mnirudishie malipo ya sehemu hiyo niipeleke kwa anayeweza.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita kimya, nitaiwasilisha pamoja na picha na hati ya malipo kwa mamlaka ya usalama wa magari. Na kama kuna lori jingine la aina hii mliloshalikabidhi likiwa na tairi hizo, tafadhali mpigieni simu mwenye lori hilo leo, akate usukani mpaka mwisho na kutazama paipu ya mbele kushoto.

Wenu,
Mteja, mwenye lori la M35A2

Viambatanisho: nakala ya makubaliano, hati ya malipo, picha 9.