Vidonge kumi na kimoja

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Leo mwezi mpevu, Kibirizi nzima hakuna aliyewasha taa kwenda ziwani, kwa hiyo kesho sina dagaa wa kuanika na usiku huu nimepata nafasi ya kushika kalamu. Wewe umelala chumba cha pili, nakusikia unavyokoroma. Ni kituko kumwandikia mtu aliye nyuma ya ukuta, lakini nikianza kusema utaninyamazia, au mimi nitapandisha sauti kama juzi, na majirani zetu unawajua. Barua nitaitia kwenye begi lako. Isome treni ikishapita Uvinza.

Kiberiti nimekiona.

Nilikuwa natafuta njiti za kuwashia jiko, nikavuta kile kilicho chini ya godoro lako, nikasikia mlio wake si wa njiti. Vidonge kumi na kimoja. Vingine vimemomonyoka pembeni, maana yake viliingia mdomoni vikatoka. Siku zote hizo ulikuwa unakunywa maji mbele yangu, unaachama nione, nami nasema alhamdulillahi naenda kulala. Usiache dawa, mwanangu. Nitalisema hili mara nyingi humu ndani, nivumilie.

Sikukuuliza kwa nini, maana jibu nilikuwa nalo tayari. Ulimwambia mdogo wako, ukidhani niko uani: "Nilipokuwa naumwa nilikuwa mtu. Sasa nameza vidonge nageuza dagaa."

Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Kwanza lilinitia hasira. Mimi nimegeuza dagaa miaka ishirini na sita. Hao dagaa ndio waliokununulia sare, ndio waliomzika baba yako kwa heshima. Kama anayegeuza dagaa si mtu, basi umelelewa na nani? Nililala na hasira hiyo siku mbili, na bado sijaimaliza.

Ya 2021 sikukumbushi, unayajua kuliko mimi kwa sababu wewe uliyaona kwa ndani. Nitasema moja tu. Siku zile meli ya Liemba ilikuwa imefungwa kamba, haiendi popote, lakini wewe ulisikia honi yake inakuita kwa jina, na ukasema umekabidhiwa ufunguo wa Ziwa Tanganyika lote, mita 1,470 kwenda chini. Wenzangu waliogopa. Mimi niliutazama uso wako. Ulikuwa unang'aa, mwanangu. Mimi katika maisha yangu hakuna kitu kilichowahi kuniita hivyo. Kwa hiyo naelewa kidogo. Mtu aliyewahi kupewa ufunguo wa ziwa, leo akiambiwa akaanike dagaa wa ziwa hilohilo, ataona ameshushwa cheo.

Lakini mbona humsimulii mdogo wako ya wiki zilizofuata? Sauti zilezile zilizokupa ufunguo ndizo zilizokugeuka zikakutukana hadi ukakaa nyuma ya pipa la maji mchana kutwa, umeziba masikio kwa khanga yangu. Ukihesabu utukufu, hesabu na hayo.

Halafu uache kunitajia yule profesa wa Marekani, John Nash. Nilimwambia mdogo wako anisomee yote kwenye simu, si vipande ulivyonisomea wewe. Kweli alikuwa na skizofrenia, ugonjwa huu wa sauti kama wako, kweli alipata tuzo ya Nobel 1994, na kweli dawa aliziacha baada ya 1970. Najua ni hapo unapopapenda. Lakini kazi iliyompa tuzo aliiandika 1950, akili yake ikiwa bado haijaguswa. Alianza kuumwa karibu miaka kumi baadaye. Na alipokuwa hana pa kwenda, aliyempokea ni mwanamke waliyekwisha kuachana, akamweka ndani, akamlisha. Huyo mama mbona hukunisimulia? Nina maswali mengi ya kumuuliza huyo mama kuliko profesa.

Nikikumbuka ulivyonuna kliniki hucheka peke yangu, nisamehe. Yule muuguzi alidhani anakufariji: duniani watu wenye ugonjwa huu ni kama milioni 24, katika kila watu mia tatu yupo mmoja. Ukanyamaza njia nzima hadi Mwanga, halafu ukasema, "Hata ugonjwa wangu kumbe wa foleni." Mimi nilitaka kushukuru kwamba hatuko peke yetu, wewe unaumia kwamba hauko peke yako.

Na hiyo kiu ya kuwa wa peke yako, sijui uliitoa wapi. Nasema sijui, lakini nakumbuka tangu uko darasa la tatu nilikuwa nakufukuza ufukweni: ondoka hapa, utanuka, wewe si wa dagaa. Nilisema hivyo mbele ya wanawake wenzangu, wameinama wanageuza dagaa zao. Na yule mzee wa kisomo aliposema una ruhani wa elimu, kwamba umechaguliwa, mama mwingine angelia. Mimi nilikwenda kusimulia kwenye kikoba. Miezi minne tulichoma ubani na kukunywesha kombe, na mtu akitaja hospitali namwambia mwanangu si chizi. Basi, yamepita. Usiache dawa.

Utaniambia ulishaziacha wiki hizi na hukuona kitu. Hiyo ndiyo hila yake. 2024 ziwa lilipofungwa watu wasivue, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, fedha ilikuwa hakuna, na iliyopatikana nilipeleka kikoba kwanza ili wasichukue mabati. Dawa zikaisha. Wiki ya kwanza ulikuwa mzima, ya tatu ukawa mchangamfu hata nikasema kumbe. Ya sita ukaacha kulala. Unakumbuka ilivyokuwa mwezi wa nane. Kwa hiyo ukijisikia vizuri bila kidonge usidhani umepona; inajikusanya tu, kama mawingu ya upande wa Kongo.

Sisemi dawa ni tamu. Naona taya linavyokaza, naona mikono inavyotetemeka ukishika kikombe, naona unavyoamka saa nne kama umebeba gunia. Kile kidonge kingine, benzheksoli, ulipewa kwa ajili ya huko kukakamaa. Hicho nacho nimekikuta kwenye kiberiti, sasa sijui unamkomoa nani. Barua ya rufaa iko kwenye bahasha ya kaki. Nenda nayo hospitali ya Kitete hapo Tabora wiki hiyohiyo ya kufika, mwambie daktari kila kitu, hata hili la kujiona umekuwa mdogo. Dawa ziko za aina nyingi, anaweza kupunguza, anaweza kubadilisha, kuna na sindano mtu anachoma mara moja kwa mwezi akasahau. Umwambie yeye, usijiamulie mwenyewe gizani.

Kuna jambo sikukwambia. Mwezi wa tatu alipokuja yule mchuuzi wa Kongo, wewe ulikuwa unageuza upande wa pili, hata hukuinua kichwa. Ukachukua dagaa mmoja, ukamvunja kwa ukucha, ukasema huyu bado mbichi kiunoni, ukimpakia leo ataoza kabla ya Kalemie. Halafu ukamwambia mizani yake inakula robo kwa kila kilo, ukachuchumaa ukampigia hesabu ya magunia yote kwa kidole kwenye mchanga. Kidole kinatetemeka, tarakimu zinakwenda upandeupande, na hesabu ilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Yule bwana alilipa. Wanawake wote walisimama wakakutazama. Mimi nilikwambia nini? "Haya, geuza, jua linaondoka." Ndivyo nilivyosema. Fedha ya siku hiyo ndiyo imekata tiketi yako.

Sikusema siku ile kwa sababu niliogopa nikikusifu utapaa tena. Tangu uumwe naogopa kukusifu. Labda nilikosea kipimo. Kwanza nilizidisha, halafu nikakata kabisa, kama mtu anayetia chumvi kwa hasira.

Sasa huko Tabora. Mama yako mdogo anajua kila kitu, huna haja ya kujieleza kwake, na sokoni huna haja ya kujieleza kwa yeyote. Kazi ya asali si ngumu ila inataka macho, watu wanachanganya na sukari guru. Usikeshe, hata kama ni harusi. Bangi usiiguse, hata ukiambiwa inatuliza. Ramadhani ikifika usianze na wewe kisingizio cha saumu, dawa yako ni ya usiku, haigombani na mfungo wa mtu. Na sauti zikirudi, hata moja, hata ikikuita kwa jina zuri, mwambie mama mdogo siku hiyohiyo. Hasa ikiwa nzuri.

Kopo la mawese nimelifunga kwa nailoni mara tatu, liweke wima miguuni, usiliache kwenye rafu ya juu likamwagikia watu. Dagaa ni kilo tano, nne za mama mdogo, moja yako. Mkifika Kaliua kaa na begi mapajani, hapo hupanda watu wengi. Kitenge cha kijani ni changu, nimekitia kwa makusudi, usinirudishie. Mdogo wako anadai madaftari na fundi wa bati hajaja mpaka leo. Nikimlipa nusu hatarudi, nisipomlipa hatakuja. Mbuzi nadhani ana mimba.

Vidonge vya kiberiti nimevitupa, vilishaloa. Vipya vya mwezi mzima viko kwenye soksi ndani ya kikombe cha bati, nimevihesabu mara mbili na idadi nimeiandika nyuma ya bahasha ya kaki. Mama mdogo nimempa idadi hiyohiyo. Ukitaka kununa, nuna.

Ukifika piga kwenye simu ya mdogo wako, yangu kioo kimekufa. Ukipiga usiku nitakuwa karibu, giza halijaanza hadi wiki ijayo. Ukipiga asubuhi niko ufukweni, acha iite.

Mama yako