Risala ya Kamati ya Polisi Jamii na Ulinzi Shirikishi ya Kata kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Afande Mkuu wa Kituo na Afande Mkaguzi wa Kata,
Waheshimiwa Wenyeviti wa Mitaa,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, ndugu wananchi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu na kufika mwenyewe. Kamati inalithamini sana hilo, kwani baadhi ya wageni waliokutangulia walituma wawakilishi, na wawakilishi hao waliandika kila tulichosema, wakaondoka na karatasi zao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu si ngeni kwako. Wananchi wa Tanzania kulinda mitaa na vijiji vyao kulianza kusikika kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu walipoibuka Usukuma na Unyamwezi kupambana na wezi wa ng'ombe. Kuanzia mwaka 2006, chini ya aliyekuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, IGP Said Mwema, dhana ya Polisi Jamii ikapewa msukumo nchi nzima, na baadaye askari wakasogezwa hadi ngazi ya kata. Kamati yetu ni tunda la safari hiyo.

Tangu ianzishwe, kamati imepata mafanikio makubwa. Kila kikundi cha doria kina filimbi, tochi na vizibao vinavyong'aa usiku. Vichaka vyote vilivyokuwa maficho kandokando ya njia ya kwenda kisimani vimefyekwa. Kaya nyingi zimekubali kuacha taa ya barazani ikiwaka hadi alfajiri. Vijana wa bodaboda wameorodheshwa kijiwe kwa kijiwe, kila mmoja ana namba mgongoni, na timu yao imecheza mpira na timu ya askari, mechi iliyoishia kwa watu kupeana mikono. Kwetu sisi hayo ni mapinduzi.

Fanikio tunalojivunia kuliko yote ni nidhamu ya ukamataji. Mlinzi wa doria sasa anajua kwamba filimbi ikishalia, kazi ya raia ni kumzuia mtuhumiwa, si kumwadhibu. Wawili wanamshika, mmoja anawazuia wenye hasira wasisogee, na wa nne anaandika saa, mahali na majina ya walioona. Kitu kilichokutwa naye kinaandikwa mbele ya mwenyekiti au mjumbe kwa rangi yake, namba yake na alama zake, kisha wote wanatia saini. Mtuhumiwa na kidhibiti vinapelekwa polisi bila kuchelewa, na anayekabidhi anaomba jina la askari aliyepokea. Zamani simu ya wizi ilipita mikono mitano kabla ya kufika kituoni, na mahakamani hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni ileile. Kesi za namna hiyo zilikufa huku ushahidi upo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya mafanikio hayo tunaomba utuvumilie, kwani tuna changamoto moja tu. Hatukuandaa orodha ndefu ya maombi. Tumejifunza kwamba orodha ndefu hujibiwa kwa neno moja, "tutaliangalia."

Changamoto hiyo ni jengo unaloliona mkono wako wa kushoto. Ni kituo kidogo cha polisi cha kata. Wananchi walichanga matofali, wakabeba mchanga na kokoto, akina mama wakachota maji, na ukuta ukafika kwenye lenta. Mgeni rasmi aliyekuja kuweka jiwe la msingi aliahidi mabati. Aliyemfuata akaahidi mbao, ili mabati yakija yakute kenchi tayari. Wa tatu akaahidi kufuatilia ahadi za wale wawili. Wote tuliwapigia makofi, na tulikuwa tunamaanisha. Tangu siku hizo jengo linanyeshewa. Kozi za juu za matofali zimeanza kumomonyoka, udongo umejaa katika vyumba, na nondo zilizoachwa wazi kwenye pembe za lenta zimeshika kutu. Mafundi wetu wanasema likipita masika mengine bila paa, kabla ya kuezeka itabidi kwanza kubomoa kozi mbili za juu na kuzijenga upya. Kila mwaka wa kusubiri unakula nguvu ambayo wananchi wameshaitoa.

Pengine utauliza kwa nini kamati ya mahusiano inang'ang'ania jengo. Jibu liko kaunta.

Katika kituo tunachokitegemea sasa, mwananchi anatoa taarifa akiwa amesimama kaunta. Hatua mbili nyuma yake kuna benchi, na kwenye benchi hilo wamekaa ndugu wa waliokamatwa, wakisubiri dhamana au wakiwa wameleta chakula. Anayekuja kutaja nyumba inayouza bangi, au kijana anayevunja maduka usiku, anayasema hayo mbele ya mjomba wa kijana huyo. Askari hana kosa: hana pengine pa kumpeleka. Kabla jua halijazama jina la mtoa taarifa limeshafika mtaani, na watu wanaamini askari ndiye aliyelivujisha.

Kinachofuata tunakifahamu vizuri. Shahidi anapigiwa simu usiku, na siku ya kesi haonekani. Mwendesha mashtaka anaomba ahirisho, halafu jingine, mwishowe shauri linaondolewa na mtuhumiwa anarudi mtaani. Wananchi wanasema polisi wamekula rushwa. Polisi wanasema wananchi hawatoi ushirikiano. Wizi mwingine ukitokea, hakuna anayepuliza filimbi, watu wanaokota mawe. Tumewahi kuwazika vijana wawili kwa sababu ya mawe hayo, na mmoja wao hakuwa mwizi. Ndiyo maana tunasema chumba chenye mlango kinaokoa roho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ramani ya jengo hili haikuchorwa kwa kubahatisha. Lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8. Chumba cha mahojiano kiko nyuma, mbali na mapokezi, na dirisha lake halitazami barabara. Kina mlango wake wa kutokea upande wa shamba, ili mtoa taarifa asipite tena mbele ya benchi. Tunasisitiza jambo moja ambalo majengo mengi ya ofisi hulikosea: kuta za ndani zisiishie usawa wa lenta. Ukuta ukiishia hapo na dari ikaja baadaye, au isije kabisa, sauti inapanda na kushuka chumba cha pili kama vile hakuna ukuta. Kuta za chumba hiki zipande hadi kwenye bati, na mlango uwe wa mbao nzito, siyo pazia wala ubao mwepesi.

Chumba cha pili ni cha Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanamke aliyepigwa, au mtoto aliyefanyiwa ukatili, hawezi kueleza yaliyompata huku watu wakimkodolea macho. Leo anasafiri hadi kituo kikubwa kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, ndipo akatibiwe, na njiani muda unapotea. Aliyebakwa anatakiwa amwone daktari haraka iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Anatakiwa pia asioge kabla ya kupimwa, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi. Haya yote yanataka mtu wa kumwelekeza mapema, karibu na nyumbani, kabla shangazi mwenye huruma hajamchemshia maji ya kuoga.

Hatuombi mahabusu. Mahabusu inataka ulinzi usiku na mchana, choo chake, na vyumba tofauti vya wanaume, wanawake na watoto. Watuhumiwa waendelee kupelekwa kituo kikubwa. Hapa tunataka mahali pa kusema na kusikilizwa.

Hatuombi fedha taslimu pia, ili kusiwe na maswali baadaye. Tunaomba vifaa, vikabidhiwe kwa Mtendaji wa Kata mbele ya mkutano wa hadhara. Bati 80 za geji 28, za futi 10. Kofia 8 za mgongo wa paa. Mbao za kenchi 9, za mbili kwa sita na mbili kwa nne, pamoja na papi, zote ziwe zimepakwa dawa ya mchwa, maana mchwa wa hapa hawabagui jengo la serikali. Misumari ya mbao na ya bati. Milango mitatu ya mbao ngumu. Ufundi, chakula cha mafundi na ukarabati wa kozi zilizomomonyoka tutabeba wenyewe. Mbao na mabati vikifika pamoja, tutaezeka. Yakija mabati peke yake yatakaa stoo, na mabati ya stoo yana tabia ya kupungua.

Jengo likikamilika tunaomba Afande Mkaguzi wa Kata akae hapo siku zinazojulikana, zibandikwe mlangoni, na akihamishwa akabidhiane na mwenzake mbele ya kamati. Uaminifu wa wananchi hujengwa kwa mtu wanayemjua kwa jina, na kila uhamisho wa ghafla huturudisha mwanzo.

Tunaomba pia mrejesho. Kila aliyefungua jalada aelezwe lilipofika: upelelezi unaendelea, liko kwa mwendesha mashtaka, au kesi imepangwa tarehe fulani. Mtuhumiwa akipewa dhamana, mlalamikaji aambiwe siku hiyohiyo kwamba dhamana ni haki ya kisheria, haiuzwi, na kesi bado ipo. Asipoambiwa, atamwona mtuhumiwa gengeni jioni na kuamua mwenyewe kilichotokea. Hili halihitaji bati hata moja, na askari waliopo hapa wanaweza kulianza kesho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafahamu majukumu yako ni mengi na bajeti ina mipaka. Kama uwezo ni wa mbao tu, tuambie ni mbao tu, nasi tutatafuta mabati kwingine. Jibu dogo la kweli litatusaidia kupanga kazi kabla ya masika. Kitabu cha wageni kiko mezani. Ahadi tatu za nyuma ziliandikwa humo bila tarehe, kwa hiyo safari hii Katibu amechora safu ya tarehe, na baada ya hotuba yako atakuletea kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Polisi Jamii na Ulinzi Shirikishi ya Kata