Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Mahesabu ya makampuni makubwa nayo yawekwe hadharani

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naandika kutoka Arusha, ninakowaandalia mahesabu wafanyabiashara wadogo: wauza vifaa vya ujenzi wa Mbauda, wenye migahawa, kampuni za utalii zenye magari mawili matatu. Kila awamu ya kodi ikikaribia wananiletea bahasha za kaki zilizojaa risiti za EFD, zile mashine za kielektroniki za kurekodi mauzo, nyingine zimefutika wino hata ukiziinua kwenye mwanga huoni kitu. Wanalalamika, ila wanalipa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashine zile zimeisaidia TRA, mamlaka yetu ya mapato, kuyaona mauzo yao.

Haziwezi kuziona fedha ambazo hazikutia mguu Tanzania.

Chukua utalii, maana ndio mji wetu huu. Tuseme mgeni analipa dola 5,000 kwenda Serengeti na Ngorongoro, na anailipa kampuni iliyosajiliwa nchi isiyotoza kodi. Kampuni hiyo inatuma Arusha dola 3,000, kwa kampuni nyingine ya mmiliki yule yule. Ukishatoa viingilio vya hifadhi, hoteli, mafuta na mishahara, inabaki faida ya dola 100. Asilimia 30 yake ni dola 30, ndiyo kodi ya Serikali. Zile 2,000 zimebaki kule kwa jina la ada ya masoko. Ongeza riba ya mkopo kutoka kampuni mama, vitabu vya Arusha vitasoma hasara, na kila karatasi ina mhuri. Magari, hata hivyo, yanaongezeka kila msimu.

Sheria inataka kampuni ndugu kama hizi, zenye mmiliki mmoja, zitozane bei ambayo wangetozana watu wasiojuana. Sawa. Lakini nani wa kuhoji, ikiwa nusu ya mahesabu iko nje na hii nusu nyingine imefungiwa kabatini? Mwaka 2015 jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki, rais wa zamani wa Afrika Kusini, lilikadiria kuwa Afrika inapoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha kutoroshwa, na sehemu kubwa ikahusishwa na biashara za makampuni.

Tusijidanganye kwamba Ulaya itatusaidia. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021 inayataka makampuni yenye mapato yanayozidi euro milioni 750 yatangaze faida na kodi yao nchi kwa nchi. Ukiisoma vizuri utakuta hesabu hiyo ya nchi moja moja ni kwa wanachama wao na nchi walizoziorodhesha kuwa na kasoro za kodi. Nchi nyingine zote zinajumlishwa kwenye mstari mmoja. Tanzania imo humo, imechanganywa na dunia nzima. Tukitaka mstari wetu, sheria itungwe Dodoma.

Najua utaambiwa wawekezaji watakimbia. Mbona benki zetu zinatangaza mahesabu yao kila robo mwaka, faida na kodi zikiwa gazetini, na hazijafunga milango? Kwenye madini nako tuna Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji ya 2015, na migodi inaendelea kuchimba. Sioni kwa nini hoteli ya kitalii au shamba la maua liwe na siri kubwa kuliko mgodi wa dhahabu.

Ombi langu ni la Muswada wa Sheria ya Fedha wa Juni. Kila kampuni kubwa yenye kampuni ndugu nje ya nchi itangaze mauzo, idadi ya wafanyakazi, faida na kodi iliyolipa, hapa na katika kila nchi nyingine iliyomo. Pili, daftari la wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni, lililoko BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2020 lifunguliwe kwa wananchi. Leo linasomwa na vyombo vya Serikali tu. Mwandishi wa habari, diwani, hata mshindani wa kibiashara, wote wanaishia kwenye jina la kampuni, na nyuma ya kampuni kuna kampuni nyingine.

Wateja wangu wanauliza kwa nini wao wanakaguliwa hadi risiti ya maji. Nimewaahidi kuwasomea jibu lako.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhasibu, Arusha