Mto wa kulalia na mto wa kukandia ni vitu viwili

Kuna oda inaingia kwenye WhatsApp yetu kila wiki, maneno yakibadilika kidogo tu: "Dada, naomba mto mkubwa wa mchele, wa kulalia kabisa, niwe naupasha moto usiku, maana shingo inanitesa." Mto huo hatushoni. Wapo wanaodhani tunaringa au tunakimbia kazi, kwa hiyo tueleze sababu. Na anayependa kushona mwenyewe nyumbani tutampa na namna, kwani kazi yenyewe si ngumu na hatuogopi kumpoteza mteja mwenye cherehani.

Anza na uzito. Lita moja ya mchele ina karibu gramu 800. Mto wa kawaida wa kulalia unameza lita kumi bila hata kujaa vizuri, yaani kilo nane za mchele chini ya shingo ambayo tayari inauma. Kuugeuza usiku ni kazi ya mikono miwili. Kwenye maikrowevu hauingii, na hata ungeingia, moto ungeshika nje huku katikati pakibaki baridi. Ongeza dakika ili katikati napo pashike, na hapo nje panaanza kuungua.

Halafu kuna usingizi wenyewe. Ngozi haihitaji kitu cha kuchemka ili iungue. Nyuzi joto 44 tu, zikikaa mahali pamoja kwa saa sita, zinatosha. Aliye macho anahisi na kusogeza. Aliyelala fofofo, hasa aliyemeza dawa ya kusinziisha, anakuja kujua asubuhi. Na rundo kubwa la nafaka likishafunikwa na kichwa na shuka linapoa taratibu mno.

Kwa hiyo sisi tunashona vitu viwili. Wa kulalia tunaujaza maganda, haupashwi moto kamwe. Wa kukandia ni mdogo, una punje nzima, na haulaliwi.

Maganda tunayotumia ni ya mpunga, yaleyale ambayo huko Morogoro na Mbeya watu wanachomea matofali. Ni mepesi, yanapitisha hewa, na ukishalaza kichwa yanakaa kwa umbo la shingo yako badala ya kukudidimiza kama sponji. Wajapani wana mito ya namna hii tangu zamani, wao wakitumia maganda ya soba, nafaka wanayotengenezea tambi. Kwa joto la Dar la Januari na Februari, hewa hiyo kupita chini ya kisogo ni raha ambayo sufi haikupi, ingawa sufi ni laini zaidi, hilo hatubishi. Kasoro ya maganda ya mpunga ni ukali wa ncha zake na vumbi. Yachekechwe, yapepetwe kwenye ungo, yaanikwe juani kwenye turubai siku nzima, na mfuko uwe wa kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana. Usichukue pumba, ule ungaunga unaotoka mchele ukikobolewa. Pumba ina mafuta, na baada ya muda mfupi mto utanuka mafuta yaliyoharibika. Mwenye pumu tunamshauri aachane na maganda kabisa.

Sasa tuje kwenye wa kukandia, maana ndio wenye mambo.

Kitambaa ni pamba tupu, na neno "tupu" tunamaanisha. Pale Mtaa wa Uhuru utaonyeshwa vitenge na kanga zinazovutia, muuzaji akiapa ni pamba, na pindo limeandikwa hivyo. Usibishane naye. Omba kipande kidogo cha pembeni, chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe kwa kiberiti mbali na kitambaa. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inaacha kidonge cheusi kigumu, na harufu ni ya plastiki. Kitambaa cha kidonge cheusi mrudishie mwenyewe. Vitambaa vyenye uzi wa kung'aa, zipu za chuma na vifungo vya chuma navyo acha, kwa sababu vinatoa cheche ndani ya maikrowevu. Uzi wa kushonea nao uwe wa pamba.

Mfuko wa ndani tunaushona kwa bafta. Wapo wasiotaka bafta karibu na kitanda chao kwa sababu ya sanda, na tunawaelewa. Hao tunawashonea kwa marekani, ambayo ni nzito na inadumu zaidi.

Mchele ndio tunaoutumia zaidi. Si lazima uwe wa Kyela wa kunukia, huo kula. Mchele wa bei ya chini unafaa, mradi ni mkavu, umechaguliwa mawe na hauna fukusi. Chenga zinafaa pia, ila zinatoa unga, kwa hiyo zichekeche mara mbili. Mtama una punje ndogo za mviringo na unalala vizuri kwenye shingo. Mahindi ni mazuri kwa mgongo, yanatunza joto kwa muda mrefu, ila hakikisha si yale ya bisi, maana utasikia sherehe humo ndani. Ufuta na karanga hapana, ni mafuta matupu. Maharage yakipashwa yananuka, na mto utakukumbusha chakula cha bweni.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: dawa. Mahindi na mtama wa gunia mara nyingi umechanganywa na dawa ya unga ya kuzuia wadudu, na mbegu za dukani za kupanda zimepakwa dawa yenye rangi. Nafaka hiyo ukiipasha moto na kuilaza chini ya pua unavuta hewa yake. Nunua nafaka ya kula, kwa mtu unayemwamini, na muulize waziwazi. Kama unahofia mayai ya wadudu, funga nafaka kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke kwenye friza siku nne, kisha iache irudi kwenye joto la kawaida kabla hujaufungua.

Kwa shingo kata kitambaa upate mfuko wa sentimita 50 kwa 15. Utachukua kilo moja na kidogo. Kwa tumbo, 30 kwa 20 unatosha. Ugawe kwa mistari ya cherehani uwe na vyumba vitatu au vinne, ukijaza chumba kimoja na kushona kabla ya kwenda kingine, la sivyo nafaka yote itakimbilia upande mmoja na mgongo utabaki na kitambaa kitupu. Kila chumba kijae theluthi mbili tu. Ukijaza pomoni mto unakuwa mgumu na haukunjiki kufuata shingo. Anayetaka harufu aweke karafuu chache nzima au mchaichai mkavu. Mafuta ya manukato usitie, yanashika moto. Juu yake uvishe foronya ya pamba inayovulika, kwa sababu hiyo ndiyo itakayofuliwa. Mfuko wa ndani haufuliwi. Nafaka ikilowa, ni ya kumwaga.

Kupasha: ondoa foronya, weka mfuko kwenye maikrowevu pamoja na kikombe cha maji pembeni, dakika moja. Utoe, utikise, uguse kwa upande wa ndani wa kiganja. Bado? Ongeza sekunde 30, na kuzidi dakika mbili kwa mfuko wa kilo moja hatushauri. Maji yaliyomo ndani ya punje ndiyo yanayopata moto, ndiyo maana mto mpya unatoa unyevunyevu kidogo. Kila unapoupasha yanapungua, na punje iliyokauka sana inaweza kuungua na kuwaka. Acha upoe kabisa kabla ya kuupasha tena. Siku ukisikia harufu ya ukoko, usijaribu tena, badilisha nafaka. Wanaohofia LUKU watulie: dakika mbili zinakula kama uniti 0.04, kwa hiyo uniti moja inapasha mto mara ishirini na ushee.

Nyumba nyingi hazina maikrowevu, ni gesi na mkaa. Hao tunawashonea mfuko wenye mdomo wa kukunja bila vyumba. Unapasha nafaka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, unaiepua ikiwa bado inashikika, ndipo unaimimina. Na jua la saa nane halilipiwi: mto ulioachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa nje unatoka tayari kwa kazi.

Joto hili linalegeza msuli uliokaza, linasaidia chango la hedhi na mgongo wa kukaa foleni ya Mbagala. Halitibu ugonjwa. Umeteguka leo na mguu umevimba? Kwa siku mbili za mwanzo weka baridi. Mto huohuo uliofungwa kwenye mfuko wa plastiki na kukaa kwenye friza unafaa. Mwenye kisukari ambaye miguu imepungua hisia asiutumie miguuni. Mtoto mchanga asiwekewe, na mjamzito asiweke tumboni. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia mkojo ni ya kuwahi hospitali, siyo ya kuja dukani kwetu.

Adui mkubwa wa mto huu Dar ni unyevu, hasa wakati wa masika. Uanike kila wiki, kisha uhifadhi kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kwa sababu panya hajali kwamba ni tiba. Ukiona madoa ya ukungu au harufu ya uvundo, mwaga nafaka na usiwape kuku.

Ukiagiza, tuambie unaumwa wapi, unapikia nini, na kama una kitenge chako mwenyewe (tutakichoma uzi mbele yako). Ndani ya jiji tunatuma kwa bodaboda. Wateja wa Mbeya na Morogoro tunawatumia mifuko mitupu kwa basi, mchele mnao.