Kinyago cha tembo, mti wake upi?

Mhariri,

Kila yanapofunguliwa maonyesho ya sanaa ya wanyamapori, wachongaji husifiwa kwa kuitetea mbuga na viumbe vyake. Sifa hizo wengi wanazistahili. Ila ukisoma kibandiko kilicho chini ya kinyago utakuta jina la msanii, jina la mnyama na bei, mti haumo. Tunaomba utiwe. Tembo aliyechongwa kwa mti wa muhugu wa wizi hajamtetea tembo yeyote.

Muhugu una historia yake. Mutisya Munge wa Wamunyu alipoleta ufundi huu Ukambani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alifungua kazi ambayo baadaye ililisha maelfu ya familia, na muhugu ukawa mti wake mkuu pamoja na mpingo. Ni mgumu, nyuzi zake zimesongamana, unashika umbo dogo bila kumeguka, na ukipigwa msasa vizuri unang'aa. Ubaya ni kwamba hukua polepole mno. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye inadhaniwa hutaga kwenye matundu ya miti mikongwe, muhugu ukiwa mmojawapo. Mchongaji anataka shina nene, na bundi naye anataka shina hilohilo.

Mpingo tusiulaumu bure. Tangu Januari 2017 umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na biashara yake haikupigwa marufuku, inatakiwa vibali. Kwa kanuni za mkataba huo zilizorekebishwa mwaka 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena hazihitaji kibali cha CITES, kwa hiyo mtalii mwenye kinyago kimoja mkobani hana shida kubwa. Anayejaza kreti ndiye atakayekwama bandarini. Na upo mpingo wenye asili safi: vijiji vya Kilwa vinavyomiliki misitu yao vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimetoka kwenye msitu unaotunzwa vizuri.

Kwa kazi nyingi za kila siku, hata hivyo, jibu liko shambani. Mwarobaini, mwembe na mjakaranda huota haraka na hupandwa na watu. Wachongaji wengi waliujaribu mwarobaini wakauacha wakisema unapasuka. Unapasuka kweli, ukiufanyia kama muhugu.

Gogo likishakatwa, zipake ncha zake mbili nta au rangi nzito siku hiyohiyo, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha haraka kuliko ubavuni, na ufa wa kwanza huanzia hapo. Kisha lipasue kwa kupita katikati, kiini kiondoke. Mbao hunywea kiasi cha mara mbili zaidi kufuata duara za ukuaji kuliko kutoka kiini kwenda ganda, basi kinyago kilichobaki na kiini tumboni lazima kipasuke mahali fulani. Mara nyingi ni mgongoni, kila mtu anapopaona.

Chonga umbo la awali kwa tezo mti ungali mbichi, ukiacha unene wa kidole kila upande. Lifukie kwenye gunia lenye mabanzi na vumbi la mti huohuo, uliweke kivulini. Baada ya wiki chache fungua gunia kidogokidogo. Pima umbo hilo kwa mizani kila wiki na uandike uzito kwa penseli chini ya nyayo. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, sasa shika patasi na msasa umalizie. Wanaoharakisha kwa jua au moto hukausha ngozi ya nje wakati moyo bado una maji. Nje hunywea, ndani hakusogei, mti unachanika. Kuziba ufa kwa gundi na vumbi la mbao humdanganya mnunuzi hadi afike kwake, kwenye nyumba yenye hewa kavu, ufa ufunguke upya.

Jambo la pili ni wadudu. Watu hudhani uchungu wa mwarobaini unatosha. Sehemu nyeupe ya nje, iliyo karibu na ganda, ina wanga, na wadudu wanaotoboa mbao huipenda. Ukiona vitundu vya ukubwa wa kichwa cha pini na unga laini kama wa ngano mezani, wamo. Mafuta ya taa hayafiki ndani. Joto linafika: kipimo kinachotumika kwa mbao za kufungashia mizigo ya kimataifa ni nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, likipimwa katikati ya ubao. Kwa kinyago kinene, hesabu ya dakika huanza moyo ukishafikia joto hilo, na hilo huchukua saa kadhaa. Toboa tundu dogo kwenye kitako uingize kipimajoto, usikisie. Kreti ya kusafirishia nayo ipitishwe kwenye joto hilohilo. Na wakati wa kupiga msasa vaa barakoa, kwani vumbi la mwarobaini, na la mpingo pia, huwasha pua na macho.

Mti mpya unadai pia mnyama anayeufaa. Mguu wa swala mwembamba kama penseli hudumu kwenye mpingo. Kwenye mwarobaini huvunjika safarini. Kiboko, faru na tembo wanaukubali vizuri. Anayetaka twiga ahakikishe nyuzi zinashuka wima kutoka shingoni hadi kwato, na miguu ishikwe na nyasi zilizochongwa chini yake.

Tukiwa kwenye wanyama: punda milia wa Grevy ana milia myembamba na tumbo jeupe, yule wa kawaida milia yake huzunguka hadi tumboni. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi. Maonyesho yanayodai kufundisha uhifadhi yasichanganye hawa.

Halafu kuna rangi nyeusi ya viatu. Mjakaranda ukipakwa rangi hiyo huuzwa kama mpingo, na mnunuzi mwenye nia njema anaondoka akidhani amenunua mti adimu, au anakataa kununua mti usio na hatia. Geuza kinyago, futa kitako kwa pamba yenye spiriti. Pamba ikitoka nyeusi tii, shuku. Mpingo mkavu huzama majini, na pembezoni mwake mara nyingi hubaki utepe wa rangi ya maziwa.

Kwa hiyo waandaaji wa maonyesho na wenye maduka ya vinyago waongeze mstari mmoja kwenye kibandiko: jina la mti, umetoka shamba au msitu, na wilaya au kaunti gani. Asiyejua aandike "haijulikani", mnunuzi ataamua mwenyewe.

Wachongaji, Mombasa