Maji ya kwa Mama Neema

Tukuyu, Jumapili jioni

Dada Atu,

Za huko Iringa? Mama mfikishie shikamoo yangu. Sisi wazima, mvua tu haikatiki na viazi vinaozea shambani. Ila nimekuandikia kwa ajili ya maji.

Unaikumbuka chemchemi ya bondeni kwa Mama Neema, ile inayochemka povu nayo ni ya baridi? Kuna mtu kachovya karatasi ya pH, ikaonyesha asidi, na sasa watu wanasema imetiwa sumu. Mama Neema na goti lake lile anateka mtoni! Inaniuma. Rungwe ni nchi ya volkano, hewa ukaa inatoka ardhini yenyewe, mpaka inavunwa kupelekwa kwenye viwanda vya soda. Naamini ni hiyo inayoyatia maji asidi. Lakini imani yangu haitawatuliza watu, na karatasi haisemi asidi ni kiasi gani wala ya nini.

Tufanye titresheni, yaani tutie besi kidogo kidogo mpaka asidi iishe, tena palepale. Maji yakipanda bodaboda mpaka shuleni hewa inatoka njiani, tutapata asidi pungufu. Mililita 100 za maji, matone ya fenolfthaleini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha, halafu besi yetu, hidroksidi ya sodiamu yenye nguvu ya 0.02 M, polepole, bila kutikisa kwa nguvu, mpaka uwaridi hafifu ubaki. Kila mililita ya besi ni miligramu 10 za asidi kwa lita, ukihesabu kama kalsiamu kabonati. Sampuli nyingine tuichemshe, ipoe, tuipime vilevile: asidi ikiporomoka, ilikuwa hewa. Na nyingine tuitie kiashiria kingine, methili oranji. Ikiwa ya njano tangu mwanzo, asidi kali ya madini haimo. Sumu nyingine hatutakuwa tumezipima, hilo nitawaambia wazi.

Shida ni besi. Ya hapa imekaa mno, nayo hunywa hewa ukaa kila chupa ikifunguliwa, kwa hiyo nguvu yake siiamini. Niletee yako, uliyoipima nguvu upya kwa fthaleti, ile asidi ya unga ya kulinganishia, na bureti moja, mrija wa kupimia mililita. Watoto usije nao, hewa ile ni nzito, hutuama bondeni. Mama Neema anasema hata kuku… basi, utamsikia mwenyewe.

Je, utapata ruhusa Ijumaa? Mkuu wako ataiachia bureti? Stendi ya bureti unayo, au nimwombe fundi? Utashukia Uyole upande gari ya Tukuyu, au nije kukupokea? Na yule kaka wa maabara, mmeshasemezana?

Nijibu upesi.

Wako,
Tusa